Nusu ya Mwaka Wetu ni Usiku: Vifaa vya Kuonea Gizani na Kutua kwa Ndege Nyanza na Magharibi

Hotuba iliyotolewa Kisumu mbele ya wahudumu wa afya, walinzi wa viwanja vidogo vya ndege na wanafunzi wa ufundi

Mwenyekiti, madaktari na wauguzi mliotoka zamu mkaja hapa moja kwa moja, wazee wetu mnaolinda viwanja vya ndege huko mashinani, madereva wa ambulensi, vijana wa vyuo vya ufundi, hamjambo? Itifaki yote imezingatiwa.

Mimi ni fundi wa vyombo vya elektroniki vya ndege. Sirushi ndege. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba anayerusha anaona anachopaswa kuona na kusikia anachopaswa kusikia. Mmeniomba nizungumzie vifaa vya kuonea usiku na jinsi vinavyosaidia ndege kutua hali ya hewa ikiwa mbaya. Nitasema kwa lugha ya karakana, na pale nitakapokimbia mno, mninyoshee mkono.

Tuanze na hesabu. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Jua letu huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 jioni, iwe Januari iwe Julai, na giza halikawii kufunga. Wenzetu wa Ulaya wana miezi ambayo usiku wao ni mfupi. Sisi hatuna. Ni saa 12 za giza kila siku ya Mungu. Kwa hiyo helikopta ya wagonjwa inayoruka mchana peke yake imefungiwa nje nusu ya mwaka mzima, na mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua kule Mfangano hachagui saa. Akizidiwa saa 3 usiku, njia yake ni boti mpaka Mbita, kisha gari mpaka Homa Bay, na ikihitajika rufaa, takriban kilomita 100 nyingine mpaka Kisumu, pale Russia, kama tunavyoiita sote Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Wauguzi mlioketi safu ya mbele mnaijua safari hiyo kuliko mimi, na mnajua damu haisubiri barabara.

Ndiyo maana nataka miwani hii ya usiku ije kwetu. Nalisema mapema na waziwazi, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno yangu jioni hii itahusu mambo ambayo miwani haiwezi kuyafanya, na sitaki mtu atoke hapa akidhani nimekuja kuipinga.

Jozi yenyewe ndiyo hii mezani. Inabanwa mbele ya helmeti ya rubani, na uzito wake ni kama nusu kilo, ndiyo maana nyuma ya helmeti tunaweka betri na kipande cha kusawazisha, la sivyo shingo ya mtu itachoka kabla ya safari kwisha. Lenzi ya mbele hukusanya mwanga wowote uliopo, wa mwezi, wa nyota, wa mji ulio mbali. Mwanga huo huangukia utando mwembamba wa kemikali, na kila chembe ya mwanga inayogonga utando hung'oa elektroni. Elektroni huvutwa kwa umeme kupitia kisahani chembamba kilichotobolewa mamilioni ya vitundu, vidogo kiasi kwamba jicho halivioni. Elektroni moja ikigonga ukuta wa kitundu, hutoa nyingine, nazo zikagonga tena, mpaka iliyoingia moja inatoka ikiwa kundi kubwa. Mwishoni zote hupiga kioo cha fosfori, nacho kinang'aa kijani. Kijani kilichaguliwa kwa sababu jicho la binadamu hutofautisha vivuli vingi zaidi vya rangi hiyo. Za siku hizi nyingine zinang'aa nyeupe.

Mmeona basi: hakuna mahali popote katika safari hiyo ambapo kifaa kimetengeneza mwanga chenyewe. Kimekuza ule uliokuwepo, maelfu ya mara. Usiku wa mbalamwezi, rubani anaona kingo za shamba, mti mmoja mmoja, ng'ombe aliyelala kiwanjani. Usiku usio na mwezi, mawingu yakiwa yamefunika nyota, picha inajaa chengachenga kama runinga iliyokosa mawimbi, na rubani mzoefu anajua hapo kifaa kinamwambia kwamba hakina cha kukuza.

Sasa naomba taa zizimwe. Kijana pale, njoo uvae hii. Uwe mpole na skrubu ya kurekebisha. Vizuri. Mkono wangu wa kulia una rimoti ya runinga. Nikiibonyeza, ninyi nyote mlioketi hamwoni kitu. Yeye anaona nini?

(Kijana alijibu kwamba anaona tochi kali inamulika ukuta mzima.)

Naam. Rimoti hutoa mwanga wa infraredi, ambao macho yetu hayaupokei, lakini miwani inaupokea. Mkono wa kushoto nina taa nyekundu ya LED, ya aina ileile inayowekwa juu ya milingoti kuonya ndege. Ninyi nyote mnaiona, nyekundu kabisa. Yeye je?

(Kijana alisema imefifia, na kwamba kama asingejua iko wapi asingeiona.)

Washeni taa, asanteni. Ahsante sana kijana.

Nataka tukae hapo kidogo, kwa sababu jambo hilo linaua watu na watu wachache wanalijua. Ndani ya miwani ya ndege tunaweka chujio linalozuia rangi za buluu, kijani na sehemu ya nyekundu, ili taa za dashibodi zisimpofushe rubani. Balbu za zamani za nyuzi zilitoa joto jingi, na joto hilo ni infraredi, hivyo zilipita chujio bila shida. LED nyekundu hutoa wekundu mtupu, katika kipande kilekile ambacho chujio linakizuia. Mwaka 2009 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ilitoa onyo kwa marubani kwamba baadhi ya taa nyekundu za LED za kuonya vikwazo, ambazo kwa jicho tupu ni halali kabisa, hazionekani ukiwa umevaa miwani ya usiku. Dawa yake ipo, wala si ngumu: zinatengenezwa taa za LED zenye kijitaa cha infraredi ndani yake, kwa ajili ya wanaoruka na miwani. Lakini mtu lazima aziagize hivyo. Kaunti ikinunua taa za mlingoti kwa kuangalia bei na matumizi ya umeme tu, itaokoa pesa kwenye bili na kuficha mlingoti.

Na tuna milingoti. Toka hapa hadi Kakamega uhesabu minara ya simu. Halafu kuna nyaya. Laini kubwa ya umeme inatoka Olkaria kupitia Lessos mpaka hapa Kisumu, na chini yake kuna nyaya ndogo za mitaani zisizo na hesabu. Waya mwembamba hauonekani kwenye miwani hata usiku wa mbalamwezi. Rubani huona nguzo, kisha anakisia waya unapita wapi. Wengi wenu mnakumbuka Januari 24, 2003, pale Busia: ndege iliyobeba mawaziri iligonga nyaya za umeme mara baada ya kuruka, mchana, na tukampoteza Waziri wa Leba Ahmed Khalif pamoja na marubani wawili. Kama mchana waya ulifanya hivyo, usiku tunauhitaji kwenye ramani, umepimwa na kuandikwa, kabla mtu hajawasha injini.

Kuna mambo mengine ya miwani nitayapita haraka. Macho yenu mnapoangalia mbele yanashika karibu nyuzi 200 za upana. Miwani inakupa nyuzi 40 tu, kwa hiyo rubani anageuza kichwa muda wote. Kukadiria umbali kunakuwa kugumu, hasa juu ya maji yaliyotulia, na kwa hiyo helikopta inayoruka ziwani usiku inahitaji altimita ya redio inayopima urefu kutoka majini. Na mwili wa rubani una mchango wake. Jicho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na uwezo wake wa usiku huanza kupungua hewa ya oksijeni inapopungua, kuanzia kama futi 5,000. Mji wa Nakuru uko juu ya futi 6,000 na uwanja wa Eldoret uko karibu futi 7,000. Yaani rubani wa huko, hata kabla hajaruka, ameshaanza kupungukiwa. Akiwa mvuta sigara, zaidi.

Tuje kwenye hali ya hewa, ambayo ndiyo kiini cha mwaliko wenu.

Ziwa letu lina tabia yake, na wavuvi wanaijua kuliko sisi wenye mitambo. Mchana, upepo hutoka ziwani kupanda nchi kavu, ukibeba unyevu hadi milima ya Nandi, Kericho na Kakamega, na ndiyo maana alasiri kule juu ni radi na mvua ya mawe. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, hewa baridi huteremka kutoka milimani kurudi ziwani, maji bado yana vuguvugu, hewa inapanda kwa nguvu, na dhoruba zinajengeka juu ya ziwa kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri. Kwa maneno mengine, saa zilezile tunazotaka helikopta ivuke Ghuba ya Winam kumchukua mgonjwa, ndizo saa za dhoruba.

Hapa miwani ina faida kubwa ambayo haitajwi vya kutosha. Rubani mwenye jicho tupu, usiku, hujua kuna wingu la radi mbele yake linapopiga umeme, au anapoona nyota zimepotea. Mwenye miwani anaona wingu lenyewe kwa mbali, umbo lake, kichwa chake kilivyopanda, na pengo lililobaki kati yake na mlima. Anaweza kusema, akiwa bado ana mafuta na nafasi, "Leo sivuki." Mimi naamini kazi kubwa ya kifaa hiki kwa kanda yetu ni hiyo: kumpa rubani uamuzi mapema. Kuteremka ni kazi ya pili.

Lakini miwani haioni kupitia wingu. Naomba hili liandikwe na kila aliye na kalamu. Haioni kupitia wingu, haioni kupitia ukungu mzito, haioni kupitia mvua kubwa. Inaona kupitia ukungu mwepesi, na huo ndio mtego wake. Rubani anaingia kwenye unyevu mwembamba ambao kwa jicho tupu angeuona na kugeuka. Kwa miwani bado anaona ardhi chini, anaendelea. Unyevu unaongezeka polepole, na anapogundua, mlima na wingu vimekuwa rangi moja. Dalili zipo, na marubani hufundishwa kuzitafuta: duara la mwanga linalozunguka kila taa linapanuka, taa za mbali zinafifia moja moja, chengachenga zinaongezeka, nyota zinapungua. Na wanafundishwa kuchungulia chini ya miwani kila baada ya muda mfupi, kwa macho yao wenyewe, kulinganisha. Mafunzo hayo hayauzwi dukani pamoja na kifaa.

Nimesema mlima na wingu. Watu wa Nakuru mlio hapa mnajua ninaelekea wapi. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi la anga aina ya Y-12 ilikuwa ikienda Marsabit na ujumbe wa amani. Ilikuwa mchana, kulikuwa na ukungu, na ndege iligonga kilima karibu na mahali ilipotaka kutua. Watu 14 walifariki, miongoni mwao Mirugi Kariuki, mbunge wa Nakuru Mjini, na Bonaya Godana wa North Horr. Juni 5, 2018, ndege ndogo iliyotoka Kitale kwenda Nairobi ilipotea katika hali mbaya ya hewa ikaangukia Aberdare, na wote 10 waliokuwemo walikufa. Sisemi kwamba miwani ingewaokoa. Dhidi ya wingu zito kama hilo, miwani ninayowaonyesha hapa haina msaada, na anayekuja kuwauzia kaunti zenu akisema vingine, mfukuzeni.

Je, kuna kifaa kinachoona zaidi? Kipo, kwa ndege kubwa zaidi, na hapa nitawapeleka hatua moja mbele.

Ndege inayokuja kutua katika hali mbaya huongozwa na mawimbi ya redio kutoka uwanjani mpaka urefu fulani, ambao kwa mfumo wa kawaida ni futi 200 juu ya ardhi. Hapo rubani huinua macho. Akiona taa za uwanja, anatua. Asipoziona, anapaa tena. Huo ndio ukungu unaozirudisha ndege za Nairobi alfajiri, abiria wakajikuta Mombasa. Sasa, ukiweka kamera ya infraredi puani mwa ndege, na picha yake ukaionyesha kwenye kioo angavu mbele ya uso wa rubani ili aione juu ya mandhari ya nje, anaweza kuziona taa hizo mapema. Mwaka 2004 FAA iliruhusu wenye kifaa hicho kushuka chini ya futi 200 kwa kuitegemea picha, mpaka futi 100, na kutoka hapo jicho tupu lishike kazi. Desemba 2016 ilitoa kanuni nyingine inayoruhusu, kwa mitambo na marubani walioidhinishwa, kutua kabisa kwa picha ya kamera.

Kamera hii haikuzi mwanga kama miwani. Inapokea joto. Na ubora wake unategemea ukubwa wa chembe zilizo hewani. Moshi una chembe ndogo mno, kwa hiyo mawimbi marefu ya joto yanapita. Hili linatuhusu moja kwa moja: mashamba ya miwa yakichomwa upande wa Chemelil na Muhoroni, moshi ukalala bondeni Nyando, kamera ya joto itaona vizuri mahali ambapo jicho limeshindwa. Ukungu mzito wa ziwani una matone makubwa, nayo huzuia infraredi karibu kama yanavyozuia mwanga wa kawaida. Hapo faida inashuka, wakati mwingine inaisha kabisa. Kinachopenya ukungu huo ni rada ya mawimbi mafupi ya milimita, lakini picha yake haina makali.

Na mnajua kikwazo kingine ni nini? LED tena. Kamera za kwanza zilitegemea joto la balbu za taa za uwanjani. Viwanja duniani vikaanza kubadilisha balbu kuweka LED, taa zikawa baridi, na kamera ya mamilioni ikatazama njia ya ndege iliyowaka vizuri kabisa isione taa hata moja. Watengenezaji wakalazimika kuunganisha kamera za aina kadhaa katika mtambo mmoja, nyingine ya joto, nyingine ya mwanga wa kawaida. Nawaeleza haya vijana wa ufundi kwa sababu ninyi ndio mtakaokaa kwenye kamati za kununua taa. Fundi wa umeme wa uwanja na fundi wa vyombo vya ndege wakae meza moja. Mara nyingi hata hawajuani majina.

Nikirudi kwa helikopta ya wagonjwa: jambo hili si geni duniani. Shirika la uokoaji la Uswisi, Rega, lilianza kutumia miwani ya usiku mwaka 1987, katikati ya milima mikali kuliko yetu. Na kuna somo la upande wa pili. Aprili 1980, Wamarekani walipeleka helikopta usiku jangwani Iran, marubani wakiwa na miwani. Rotori, yaani mapanga yanayozunguka juu ya helikopta, zilitimua vumbi, rubani mmoja akapoteza alama zote za ardhi, helikopta ikaigonga ndege ya mizigo iliyokuwa imeegeshwa, wakafa watu 8. Miwani ilikuwepo. Kilichowashinda ni vumbi la mahali pa kutua. Viwanja vya shule za Homa Bay na Siaya mwezi wa Januari vina vumbi la namna hiyohiyo.

Kwa hiyo sasa naacha vifaa, nazungumza na walio chini, kwa sababu ninyi ni sehemu ya mtambo huu.

Wengi mnaposikia helikopta inakuja usiku, nia yenu huwa njema: mnaleta pikipiki zote za kijiji, mnawasha taa kali, mnazielekeza juu ili rubani awaone. Tafadhali msifanye hivyo. Taa moja ya bodaboda ikimlenga rubani mwenye miwani inafuta sehemu ya picha yake sekunde ileile anayoihitaji zaidi. Tumieni magari mawili, upande ambao upepo unaelekea, taa zikiwa zimeinamishwa, kila moja ikimulika ardhi kwa mshazari ili miale ikutane katikati ya mahali pa kutua. Hakuna taa inayoangalia angani. Hakuna simu inayopiga picha kwa flashi. Kiwanja chenye vumbi kimwagiwe maji kama yapo. Watoto na mbuzi wawe mbali, na asiwepo mtu wa kuikaribia ndege mpaka mhudumu wake ashuke amwite kwa ishara. Panga la mkia wa helikopta usiku halionekani linavyozunguka. Sitalizungusha: linakata mtu.

Ninyi mnaolinda viwanja vya Kakamega, Kitale, Busia, Migori, Kabunde na kwingineko, mna kitu ambacho hakuna kamera inayokibeba. Mko pale. Rubani akipiga simu saa 8 usiku akauliza, msimjibu kwamba hali ni nzuri. Mwambieni mnachokiona. Je, taa za kilima kile cha kaskazini zinaonekana? Jana zilionekana? Umeme wa radi unapiga upande gani, na unasikia ngurumo au unaona tu mwanga? Nyasi zina umande mzito? Ukungu umeanza kulala bondeni? Mtu mmoja aliyesimama nje na koti lake akayajibu hayo kwa ukweli ameshafanya nusu ya kazi ya safari hiyo. Na jibu lake likiwa baya, ameokoa watu wa ndani ya ndege, pamoja na mgonjwa ambaye sasa atatafutiwa gari mapema badala ya kusubiri helikopta isiyofika.

Wavuvi pia tuwahesabu. Omena huvuliwa zaidi siku za giza la mwezi, maelfu ya taa zikiwa majini. Kwa rubani anayetokea upande wa ziwa kuja Kisumu, taa hizo huungana na nyota, na akili yake hushindwa kujua maji yanaishia wapi na anga linaanzia wapi. Marubani wamewahi kuinamisha ndege wakidhani wameiweka sawa. Miwani hapo inasaidia sana, maana inarudisha mstari wa nchi kavu na vilima nyuma yake. Lakini kumbukeni ni usiku uleule usio na mwezi, ambao miwani ina mwanga mchache wa kukuza. Basi wahudumu wa ndege wawe wawili, wote wawili na miwani, mmoja akitazama nje na mwingine akisoma vyombo kwa sauti. Safari ya rubani mmoja peke yake kuvuka ghuba usiku mimi siiungi mkono, hata kama sheria ingeiruhusu na hata kama mgonjwa ni ndugu yangu.

Mama aliyeinua mkono pale nyuma ameuliza bei. Swali zuri. Jozi moja ya miwani ya ndege ni zaidi ya dola 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni moja, na zile zinazotengenezwa Marekani haziuzwi nje bila kibali cha serikali yao. Juu ya hapo kuna kubadilisha taa zote za ndani ya helikopta, kupima miwani mara kwa mara karakanani, na mafunzo ambayo lazima yarudiwe, kwa sababu rubani aliyekaa miezi bila kuitumia si salama kuivaa. Kwa kaunti moja ni mzigo. Kwa kaunti za Nyanza na Magharibi zikichangiana helikopta moja na wahudumu wake, ni jambo la kupanga kwenye bajeti. Na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo itakayotoa idhini, kwa hiyo waitwe mapema, wasiletewe kifaa kikiwa kimeshanunuliwa.

Kinachoweza kuanza kesho hakihitaji dola. Karatasi ziko pale mlangoni, kwa yule dada mwenye leso ya kijani. Kila mmoja aandike kiwanja anachokijua karibu na zahanati yake: jina, urefu kwa hatua, nguzo za umeme ziko upande gani na zimesimama umbali gani, kuna mlingoti au hakuna, udongo ni mwekundu au ni nyasi, na mtu anayelala karibu ambaye hukubali kuamshwa. Walio na simu nzuri wakapige picha ya nyaya mchana, kutoka pembe zote nne. Sisi mafundi na marubani tutakwenda kuvitembelea kimoja kimoja, tukianza na visiwani.

Asanteni kwa kunisikiliza. Wanaotaka kuijaribu miwani wapange foleni upande huu, wazee na akina mama wajawazito watangulie.